Sura ya Tano: Ramani Isiyojua Kusi na Kaskazi

Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Sheria ya Bahari, uliopitishwa mwaka 1982 na kuanza kutumika 1994, uliikabidhi kila nchi yenye pwani eneo ambalo wananchi wake wengi hawatalitia machoni maisha yao yote. Ndani ya maili 12 za baharini mamlaka ya nchi ni karibu sawa na yale iliyonayo nchi kavu. Kutoka hapo hadi maili 200 ni ukanda wa kiuchumi: meli za kigeni zina haki ya kupita, lakini samaki walio majini na gesi iliyo chini ya sakafu ya bahari ni mali ya nchi husika, iitumie na iitunze. Kwa Tanzania ukanda huo unakadiriwa kuwa kilomita za mraba 223,000, kiasi cha robo ya nchi kavu yake. Nchi kavu tumeitungia sheria za ardhi, mipango miji, na mipango ya matumizi ya ardhi ya vijiji inayoonyesha mashamba yanaishia wapi na malisho yanaanzia wapi. Baharini tulicho nacho zaidi ni vibali. Mwenye meli ya uvuvi ana chake, mtafuta gesi ana chake, mwenye hoteli ana chake cha gati la mbao, na kila kimoja kimetolewa na ofisi iliyokuwa ikiangalia shughuli moja tu.

Kupanga matumizi ya bahari ni kukaa chini mapema, kabla shughuli hazijagongana, na kukubaliana nini kifanyike wapi, kwa masharti gani, na nani asogee nani anapofika. Nchi nyingi zimeshaingia kwenye kazi hii. Ubelgiji, ambayo bahari yake yote haifiki kilomita za mraba 3,500, ina mpango wenye nguvu ya sheria tangu 2014, na Umoja wa Ulaya uliwataka wanachama wake wenye pwani wawe na mipango yao kufikia Machi 2021. Sasa kazi hiyo imefika kwetu, na nashawishika kuwa inahitajika sana. Lakini ipo njia ya kuifanya itakayotuumiza. Tukichora mistari na kujaza rangi, hapa bandari, hapa hifadhi, hapa utalii, pasipo kuandika popote ni mwezi gani na ni maji gani, tutakuwa tumewanyang'anya watu bahari yao bila hata kujua kwamba ilikuwa na watu. Matumizi ya bahari ya Afrika Mashariki huenda na majira na mwezi. Mpango usioandika wakati hauwezi kuwaona watumiaji wake wakubwa.

Hali ilivyo leo inaonekana vizuri kusini kabisa, kwenye Ghuba ya Mnazi, mkoani Mtwara, jirani na mpaka wa Msumbiji. Gesi iligunduliwa hapo mwaka 1982. Mwaka 2000 eneo hilohilo likatangazwa kuwa sehemu ya Hifadhi ya Bahari ya Ghuba ya Mnazi na Maingilio ya Mto Ruvuma, kilomita za mraba 650, ndani yake mkiwa na rasi ya Msimbati yenye visima. Baadaye gesi ikaanza kuzalisha umeme wa Mtwara, na tangu 2015 inasafiri kwa bomba hadi Dar es Salaam. Mikoko ya huko iko chini ya Wakala wa Huduma za Misitu, kwa kuwa kisheria mikoko ni msitu. Matumbawe na samaki yako chini ya hifadhi, gesi ina mdhibiti wake, njia za meli zina mdhibiti mwingine, na tathmini ya athari kwa mazingira hupitia baraza la mazingira, mradi mmoja baada ya mwingine. Hakuna ubaya ofisi kujua kazi yake. Lakini tathmini ya mradi mmoja huuliza kama mradi huo utadhuru. Haiulizi miradi mitano ikikaa pamoja itambakizia nini mvuvi wa Msimbati. Swali hilo halina mwenyewe, na ndilo mpango wa bahari unapaswa kulibeba.

Twende kwenye wakati. Kusi huvuma kwa nguvu kuanzia Mei hadi Septemba au Oktoba, kaskazi hushika Desemba hadi Machi, na katikati yake kuna vipindi vya upepo mdogo usiotabirika. Kila mvuvi wa mwambao hujipanga kwa kalenda hii. Ndani yake kuna kalenda nyingine ya mwezi: wakati wa bamvua, mwezi unapoandama na unapopevuka, maji yanaweza kupanda na kushuka kwa kiasi cha mita nne Unguja na kwenye mkondo wake, na siku za maji mafu yanasogea kidogo tu. Pwani ya mashariki ya Unguja, Paje, Bwejuu na Jambiani, bamvua inapotoka uwanda mpana wa mchanga na nyasi bahari hubaki wazi hadi karibu na mwamba. Wanawake hushuka na kamba na vigingi vyao. Mwani uliofungwa wiki sita nyuma unavunwa, mbegu mpya zinafungwa, kamba inakazwa kati ya vigingi viwili kabla maji hayajarudi. Wengine wanasonga mbele hadi kwenye mwamba na chuma chenye ncha, wakiinama kwenye kila tundu kuchokoa pweza. Baada ya saa chache maji yanajaa, na juu ya kamba zilezile vinapita vyombo vya wavuvi, na wageni wa hoteli wanaoteleza juu ya maji kwa ubao unaovutwa na tiara, ambao nao hufuata misimu ya upepo. Eneo ni moja. Watumiaji ni wanne, na hawapo wote kwa wakati mmoja. Picha ya setilaiti iliyopigwa maji yakiwa yamejaa itaonyesha bahari ya buluu nzuri isiyo na mtu, na mchoraji atalipaka eneo hilo rangi ya utalii kwa nia njema kabisa.

Gharama ya kutoandika wakati ilionekana Lamu. Bandari mpya ilipangwa kwenye Ghuba ya Manda kama lango la ukanda wa usafirishaji wa LAPSSET, na kwa mhandisi hapakuwa na mahali pazuri zaidi: maji ni ya kina na yamekingwa na visiwa. Kukingwa huko ndiko kulikowafanya wavuvi wayategemee maji yale. Kusi inapovuma, bahari ya nje ya Lamu huchafuka na chombo kidogo hakithubutu kuvuka mwamba, kwa hiyo uvuvi huhamia maji ya ndani, kwenye mikondo na kando ya mikoko. Aliyehesabu vyombo ghubani wakati wa kaskazi angeweza kuapa kwamba hapatumiki sana. Wavuvi walikwenda mahakamani, na Aprili 2018 Mahakama Kuu ya Kenya iliamuru wavuvi wapatao 4,600 walipwe shilingi za Kenya bilioni 1.76, ikitaja haki zao za uvuvi wa asili na wananchi kutoshirikishwa ipasavyo. Malipo yakaingia kwenye mvutano wa miaka. Gati la kwanza lilifunguliwa Mei 2021. Sitaki kueleweka vibaya: Kenya ina haki ya kujenga bandari, na huenda hata mpango bora ungeishia hapohapo Manda. Lakini ungefika hapo ukijua mapema kwamba unachukua bahari ya miezi mitano ya watu fulani, ukawatafutia vyombo na zana za kufika nje, au maji mengine, kabla ya kuchimba. Badala yake suala likaja kuamuliwa na majaji wakati kazi imeshaanza.

Kuna watu ambao hata hesabu nzuri ya kijiji haiwapati. Wavuvi wa Kojani na sehemu nyingine za Pemba kwa vizazi wamekuwa wakienda dago: bahari inapotulia wanahama na vyombo vyao, wanapiga kambi kwenye fungu au kisiwa cha watu, wanavua kwa wiki au miezi, wanakausha au kuuza hapohapo, kisha wanarudi kwao. Wanafika Mafia, Kilwa, na pwani ya Kenya. Wenyeji wengine huwakaribisha kwa ushuru na makubaliano, wengine huwalalamikia kwa nyavu zao na wingi wao. Mkutano wa kijiji wa kupanga bahari ukiitishwa mwezi Juni, hawapo. Daftari la wavuvi la kijiji halina majina yao. Mpango ukishasainiwa, wanarudi na kaskazi na kujikuta wahalifu kwenye maji ambayo baba zao walivua. Wapo watakaosema ni afadhali, dago ndilo linalomaliza samaki. Mara nyingine ni kweli, na sioni sababu ya kulificha. Lakini jambo hilo linatatuliwa kwa kukubaliana idadi ya vyombo, aina ya nyavu na muda wa kukaa, na hayo yote yanahitaji kwanza watu hao wawe ndani ya karatasi.

Tanzania ina uzoefu wa kutenga maeneo, na una mengi ya kufundisha. Sheria ya Hifadhi za Bahari na Maeneo Tengefu ni ya 1994, na mwaka uliofuata ikazaliwa Hifadhi ya Bahari ya Kisiwa cha Mafia, kilomita za mraba 822, iliyogawanywa katika maeneo ya ulinzi kamili, ya matumizi maalumu na ya matumizi ya jumla. Ndani yake wanaishi watu, na hilo lilikuwa wazo la kimapinduzi kwa nchi iliyozoea hifadhi zinazohamisha wakazi. Ugumu ulijitokeza kwenye kisiwa kama Jibondo, ambacho ni mwamba usiofaa kilimo na ambako bahari ndiyo kila kitu. Mvutano kati ya wakazi na hifadhi juu ya nyavu na maeneo ulikuwa mrefu na mchungu. Mkulima wa Mafia akifungiwa eneo moja la bahari ana minazi yake ya kurudia. Mtu wa Jibondo hana. Mstari uleule, ukiwa na sheria ileile, ulikuwa mzito kwa kisiwa kimoja kuliko kingine.

Na Mafia inatupa ushahidi mwingine, unaohusu wanyama. Potwe, papa mkubwa kuliko samaki wote duniani na asiyemdhuru mtu, huonekana upande wa magharibi wa kisiwa, jirani na Kilindoni, hasa kati ya Oktoba na Machi. Wengi wao ni madume machanga. Wanafuata vijidudu vya majini kulekule wavuvi wa dagaa wanakotupa nyavu zao, na watalii hulipa kwenda kuogelea nao. Eneo hilo liko nje ya mipaka ya hifadhi. Kwa muda mrefu iliaminika kwamba msimu ukiisha wanaondoka, mpaka watafiti walipowafunga vifaa vinavyotoa mlio na kuweka vipokezi chini ya maji. Matokeo yaliyochapishwa 2015 yalionyesha kuwa wengi hubaki mwaka mzima. Wanasogea mbali kidogo na pwani na kwenda chini zaidi, ndiyo maana macho hayawaoni. Kwa hiyo mpaka uliochorwa 1995 uliwaacha nje, na kanuni za msimu peke yake zingewalinda nusu mwaka tu. Nalitaja hili kwa sababu linaikata hoja yangu mwenyewe upande mmoja: msimu unaojulikana na watu pia unaweza kudanganya. Majira yanapaswa kuandikwa, kisha yakapimwa.

Je, kanuni ya wakati inaweza kusimamiwa? Pweza ametoa jibu. Mwaka 2004 wavuvi wa Andavadoaka, kusini magharibi mwa Madagaska, walifunga sehemu ya mwamba wao kwa miezi michache, na walipofungua walikuta pweza wakubwa. Pweza huishi mwaka mmoja na ushei tu na hukua kwa kasi ya ajabu, hivyo miezi mitatu ya kumwacha ni mingi kwake. Utaratibu huo ulienea hadi kwetu, Songo Songo na Kisiwa Panza, Pemba, kati ya sehemu nyingine. Wenyeji wanakubaliana mwamba upi ufungwe, wanaulinda kwa zamu, kisha wanaufungua kwa siku iliyopangwa, na wanunuzi wanakuja kusubiri sokoni. Hakuna mtambo wa gharama wala boti ya doria kubwa. Mtu wa nje angeona ni jambo dogo, lakini mimi naliona kama mpango wa bahari uliokamilika: una mahali, una muda, una mwenye kusimamia, na faida yake inaonekana haraka kiasi cha kuwashawishi waliokuwa na shaka. Panapokosekana ni kwenye ngazi ya juu. Kibali kikubwa kikitolewa juu ya mwamba uliofungwa na kijiji, mara nyingi makubaliano ya kijiji hayana pa kusimamia.

Pingamizi la kwanza nalolichukulia kwa uzito linatoka kwa wawekezaji na wizara zinazowahitaji. Mwenye fedha anataka uhakika, wanasema. Ukimwambia eneo hili ni lako Januari lakini si lako Julai, ataondoka. Ni kweli kwamba jeti haihamishiki na bomba la gesi halifungashwi msimu ukiisha. Mradi wa bomba la mafuta ghafi kutoka Uganda unaishia Chongoleani, Tanga, kwenye jeti inayoingia baharini, na hakuna anayeweza kudai meli za mafuta zipishe kwa zamu na ngalawa. Vitu vya kudumu kama hivyo ndivyo vinavyohitaji uchunguzi wa mwaka mzima kabla ya kuchaguliwa mahali, kwa sababu vinachukua kila msimu. Vingine vyote, uvuvi wa meli, michezo ya maji, uchimbaji wa mchanga, utafiti wa mitetemo, vinaweza kupewa masharti ya miezi bila kumfilisi mtu; leseni za meli za kuvua kamba kwenye pwani zetu zimewahi kuwa na misimu ya kufunga na kufungua, na wenye meli walijua tarehe zao. Ama uhakika, mwenye mradi aliyeshitakiwa na wavuvi kwa maelfu ana uhakika gani?

Pingamizi jingine husemwa kwa sauti ya chini zaidi: wavuvi wadogo ndio waharibifu, wao na makokoro na nyavu za macho madogo, na miaka ile baruti, kwa nini basi tuwaanzie wao? Uharibifu upo na unawaumiza wao kwanza. Lakini kuandikwa kwenye ramani hakumpi mtu ruhusa ya kuvunja matumbawe. Kunampa jina, eneo na msimu, na mwenye hivyo vitatu anaweza kuwajibishwa. Asiyetambulika popote hana cha kupoteza akikamatwa, na hana sababu ya kumripoti mwenzake.

Kuna shinikizo pia la asilimia. Desemba 2022 mataifa yalikubaliana kulinda asilimia 30 ya bahari kufikia 2030, na Shelisheli hutajwa kama mfano. Inastahili sifa. Ilianza mashauriano 2014, ikaunganisha kazi hiyo na mpango wa kupunguziwa deni wa 2016, na 2020 ikatangaza kwamba asilimia 30 ya bahari yake, zaidi ya kilomita za mraba 400,000, imelindwa. Lakini Shelisheli ina watu wapatao laki moja na visiwa vingi vya mbali visivyo na wakazi. Pwani yetu imejaa watu. Asilimia inajazwa kwa urahisi kwenye maji ya kina kule ambako hakuna anayelalamika, au kwa kufunga maji mafupi ya wasio na sauti, na njia zote mbili zinaweza kutupa takwimu nzuri ya kupeleka mkutanoni huku mwamba wa Kilwa ukiendelea kuzorota. Ningependa tuulizwe tunalinda nini, mwezi gani, na nani amekubali, kabla ya kuulizwa ni asilimia ngapi. Australia, yenye uwezo mkubwa kuliko sisi, ilipopanua ulinzi kamili kwenye Great Barrier Reef mwaka 2004 kutoka chini ya asilimia 5 hadi 33, ilijikuta ikilipa zaidi ya dola zake milioni 200 kwa wavuvi na biashara zilizoathirika, mbali sana na makadirio ya awali. Sisi hatuna fedha za kukosea hivyo.

Pingamizi la mwisho ni la tabianchi. Majira yenyewe yanabadilika, wanasema, kwa hiyo kuyaandika ni kuandika historia. Mwani wa Zanzibar unathibitisha kwamba hoja hii ina nguvu: aina ya kotoni, yenye bei nzuri kuliko spinosamu, imeshindwa kustahimili maji yenye joto ya ufukweni, na anayeitaka lazima aende kina kirefu zaidi. Wakulima wengi ni wanawake, na wengi wao hawakufundishwa kuogelea wala hawana vyombo. Ramani ya mwani ya miaka ya 1990 ingewapa eneo lisilowafaa leo. Lakini ramani isiyo na wakati kabisa inachakaa vibaya zaidi, kwa sababu haina hata kipimo cha kuonyesha kwamba kitu kimehama. Ubelgiji iliupitia upya mpango wake wa kwanza baada ya miaka sita. Kwetu, penye mabadiliko ya kasi na takwimu chache, ningeona miaka mitano ndiyo mwisho wa kuvumilia.

Limebaki suala la nani achore, na hapa Tanzania ina ugumu wake wa pekee. Uvuvi wa maji ya karibu si suala la Muungano. Bara na Zanzibar kila upande una wizara na sheria yake, na Zanzibar tangu 2020 ina wizara ya Uchumi wa Buluu na Uvuvi. Bahari kuu inasimamiwa kwa pamoja na mamlaka yenye makao yake Zanzibar. Samaki wa mkondo wa Zanzibar na mwenye mashua kutoka Nungwi kwenda Bagamoyo hawajui mgawanyo huo. Mipango miwili inaweza kuishi, mradi kalenda iwe moja kwa mkondo wote na wanadago wahesabiwe na pande zote mbili. Kazi ya kwanza iwe mwaka mzima wa kuorodhesha matumizi, kusi na kaskazi, bamvua na maji mafu, kwa majina ya miamba na mafungu wanayoyatumia wavuvi wenyewe. Orodha hiyo ibandikwe kwenye kila diko na kila mwalo ili ipingwe na wanaoijua bahari kabla haijawa sheria. Kisha iwe sheria kweli, yenye kifungu kinachosema wazi kwamba kibali cha ofisi yoyote kikigongana na mpango, kibali ndicho kinachoanguka.